Inagonga au Inalia?

"Inagonga au inalia?"

Fundi aliniuliza hivyo huku akijifuta mikono kwa tambara, gari yenyewe hata hajaisogelea. Ilikuwa Kimara, kwenye gereji ya chini ya mwembe ambako nilikuwa nimepeleka gari kwa miaka sita.

"Inapiga kelele, mzee," nikasema. "Huku nyuma. Ni shokapu."

"La shokapu nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Mwanamke ukiingia gereji una dakika moja tu ya kuonyesha kwamba hukuja kuliwa hela, na katika dakika hiyo neno "sijui" ni la hatari. Kwa hiyo unakwenda na jina. Jina nililokuwa nalo la kitu chochote kilichoko nyuma, chini, kinachohusiana na mashimo, lilikuwa hilo moja. Marehemu baba alikuwa akiita shokamzoba, na yeye pia alimaanisha hivyo hivyo, yaani kila kitu.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yangu ni kuhariri miswada. Mwandishi akiniletea sentensi inayosema usiku ule "ilisikika kelele", namwekea alama pembeni: kelele gani? Ya mlango, ya mtu, ya mbao? Nimewaudhi watu wazima wengi kwa swali hilo. Siku ile nilikuwa naulizwa mimi, nikakasirika kama wao.

"Niachie siku moja," mzee akasema. "Niitembeze, niisikilize."

Siku moja sikuwa nayo. Jumamosi nilitakiwa Morogoro kumchukua mama, aliyevunjika paja, akawekewa chuma, na sasa alikuwa anaanza kliniki Dar. Kilomita karibu 190, mgonjwa siti ya nyuma, mguu umenyooshwa. Nilitaka kitu kipya kifungwe, nione kwamba kuna lililofanyika.

Mzee akazunguka nyuma, akakandamiza kona ya buti kwa mikono yote miwili, akaachia. Gari ikapanda, ikashuka, ikatulia. Akafanya hivyo na upande wa pili. "Springi ndiyo inabeba gari," akasema. "Shokapu inaizuia springi isiendelee kucheza. Ikifa, gari inaruka mara tatu, nne, kama godoro. Hii inatulia. Tena haijavuja mafuta."

Niliona. Niliona vizuri kabisa, nikasema, "Nifungie mpya tu, mzee."

"Hela ni yako, mama."

Nikampa laki na themanini akanunue Gerezani, na elfu thelathini ya ufundi. Jioni nilichukua gari, na kabla sijafika Mbezi, kwenye tuta la pili, nikaisikia. Ile ile. Nikageuza.

Nilichofanya baada ya hapo nakiandika kwa sababu nilikifanya mbele ya watu. Vijana wake watatu walikuwepo, na mteja mmoja mwenye daladala. Nilimwambia mzee kwamba amenipiga: amechukua hela ya shokapu mpya akanifungia za mtumba zilizofutwa vumbi. Sikumpa shikamoo. Alinyamaza. Akaingia ndani ya kontena lake, akatoka na risiti ya duka na zile elfu thelathini za ufundi, akaviweka juu ya boneti. "Chukua gari yako, mama," akasema.

Risiti niliiacha. Hela nikachukua.

*

Jumamosi nilikwenda Morogoro na shokapu mpya. Kumbe shokapu mpya ni ngumu kuliko iliyozoea barabara. Njia nzima mama alikuwa akivuta pumzi kwa meno kila tulipopita kwenye rasta, zile zinazokuja mistari sita sita kabla ya tuta lenyewe. Mimi nikawa namwambia, "Ni mpya mama, zitalainika."

Wiki iliyofuata nilipeleka gari kwenye gereji nyingine, ya kisasa, ambayo jina lake nitaliacha. Ina vigae, ina mashine ya kunyanyua gari, ina kioo ambacho unakaa nyuma yake ukinywa kahawa huku unatazama. Huko hakuna aliyeniuliza inagonga au inalia. Gari ilinyanyuliwa, kijana mwenye ovaroli safi akatikisa tairi, akaja na karatasi: bushi za mikono ya nyuma, zote nane. Nilifurahi. Nane ni namba ya watu wanaojua wanachofanya.

Niliwatazama wakifunga. Gari ikiwa juu, tairi zinaning'inia, kijana anapita na mashine ya upepo kwenye kila bolti, trrr, trrr, mpaka inakwama. Nilidhani natazama ustadi.

Kwa kweli ilipungua. Haikwisha, lakini ilipungua, na gari ikawa imekaa vizuri barabarani. Wenye kuuza magari huandika "injini nzima, miguu imekaza", na kwa mara ya kwanza nilielewa maana ya miguu kukaza. Kwa wiki kadhaa nilijisikia mshindi. Nikawa napita Kimara bila kutazama upande wa mwembe.

*

Miezi minne baadaye tulikuwa tunarudi tena kutoka Morogoro, kliniki ya tatu. Mama alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo, ila bado alipenda kukaa upande upande siti ya nyuma, mgongo kwenye mlango, sikio karibu na buti. Mvua ilitukuta Chalinze ikatufuata. Tulikuwa tumeshavuka daraja la Ruvu, tunakaribia Mlandizi, basi lililokuwa mbele yangu likawasha taa nyekundu. Nikakanyaga breki, wala si kwa nguvu. Mbele ya gari ikaendelea ilikokuwa inakwenda. Nyuma ikaenda kwingine.

Waliowahi kuhisi hilo wanajua kwamba halihisiwi mikononi. Linahisiwa kwenye makalio: siti inasogea kushoto, wewe hujakata usukani. Niliachia breki, nyuma ikarudi, ikapitiliza kidogo kulia, ikatulia. Lori lililokuwa linakuja upande wa pili likatupita na honi yake ndefu. Yote hayo yalichukua sekunde mbili labda. Nilisogea pembeni, nikazima injini. Mikono ilikuwa inatetemeka nikaikalia.

Nyuma kimya. Halafu mama akasema, "Na kile kinachobisha hodi nacho kimegonga."

"Kipi?"

"Si hicho cha huku nyuma. Ukikanyaga breki kinagonga, ngo. Ukiachia kinagonga tena, ngo. Kama mtu anayebisha hodi halafu haingii. Kwenye mashimo ni kelele nyingine, ndogo ndogo. Hiki ni cha breki. Kiko upande wangu huu." Alipiga mlango wa kulia kwa kiganja.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu safari ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia ni mpya, itatulia."

*

Kesho yake, kliniki ilipokwisha, sikurudi nyumbani. Nilikwenda na mama moja kwa moja Kimara. Mzee alikuwa ameinama kwenye injini ya Noah.

"Shikamoo, mzee."

Alimaliza kwanza kukaza alichokuwa anakaza. "Marahaba," akasema, bila kuinuka. Halafu akamwona mama anashuka na mkongojo, akaacha spana pale pale, akaita kijana alete kiti. Wakasalimiana kirefu, habari za mguu, habari za Morogoro, mvua huko ikoje. Mama akakaa chini ya mwembe. Ndipo akanigeukia.

"Inagonga," nikasema. "Nyuma, kulia. Ukikanyaga breki mara moja, ukiachia mara moja. Kwenye mashimo kuna nyingine, ndogo. Na jana kwenye mvua nyuma ilitaka kutangulia."

"Hayo maneno si yako."

"Ya mama."

Akamtazama mama kama mtu anayemtazama fundi mwenzake.

Nilichojifunza mchana ule nakiandika kwa urefu, kwa sababu ni sehemu niliyoipenda. Hakuanza na jeki. Alianza na tairi. Alinishika mkono, akaweka kiganja changu juu ya tairi ya nyuma kulia, akakivuta kutoka ndani kwenda nje. Laini. "Rudisha." Nikarudisha: kila kashata ya mpira ilikwaruza kama msumeno. Ukingo wa ndani ulikuwa umeliwa kuliko wa nje. "Tairi haijaendeshwa mbele," akasema. "Imeburutwa. Ilikuwa inatazama pembeni kidogo na wewe unailazimisha kwenda mbele." Kama ingekuwa shokapu, aliniambia, tairi ingekuwa na vishimo vishimo kuizunguka, kwa kuwa ingekuwa inaruka barabarani. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa pale nje kwenye jua muda wote, na mimi niliuosha kila Jumapili.

Ndipo jeki, na vigogo chini ya gari, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Akashika tairi juu na chini, akatikisa. Hakuna kitu, beringi nzima. Akashika kushoto na kulia, akatikisa. Kuna kitu.

Carina ya namna yangu, ya mwaka 2000, nyuma ina mguu wa aina hii: springi na shokapu vimefungwa pamoja, vimesimama wima, juu vimeshikwa na bodi, chini vimeshikwa na kile chuma kinachobeba tairi. Kutoka kwenye chuma hicho kuna mikono miwili myembamba inayokwenda katikati ya gari. Hiyo inazuia tairi isiende ndani wala nje, na mmoja una sehemu ya kurekebishia, tairi itazame mbele sawasawa. Halafu kuna fito ya tatu, ndefu, inayotoka kwenye tairi kwenda mbele chini ya mlango. Hiyo inazuia tairi isirudi nyuma. Kila mwisho wa kila chuma una bushi. Hakuna mahali chuma kinagusa chuma. Gari nzima, mama na mkongojo wake na mimi, ilikuwa imebebwa na vipande vya mpira vinavyoenea mkononi.

Nililala juu ya boksi lililokunjuliwa, naye akalala pembeni yangu na mtaimbo mdogo. Akauchomeka kati ya mkono mmoja na bodi, akausukuma taratibu. Mpira ukafunguka. Ulikuwa umechanika kwa duara, nusu nzima, kama mdomo. Bushi ya miezi minne.

"Nani alikaza hizi?"

Nikamweleza kuhusu kioo na kahawa.

"Zilikazwa hewani," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana amekasirika, ila si kwangu. Bushi, alinieleza, ina bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na mpira katikati umeshikamana na yote mawili. Haizunguki. Inajisokota tu, kidogo kwenda, kidogo kurudi. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linafungwa hapo lilipo. Sasa ukikaza gari ikiwa imening'inia, umeuambia mpira kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Ukishusha gari chini, mpira umeshajisokota kabla hujatoka getini, na kila tuta linausokota zaidi. Utachanika tu. Si kosa la mpira.

Nilimkumbuka yule kijana na trrr yake. Alikuwa na kila kifaa.

Mzee akasogea mbele kwa mgongo, akafika kwenye ile fito ndefu. Akaweka mtaimbo kwenye bushi ya mbele, akausukuma. Ngo. Akaachia. Ngo.

"Hodi," mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

Ile bushi haikuwa imechanika; haikuwepo. Mpira ulikuwa umekwisha kwa uzee, miaka na miaka ya breki, bomba limebaki linacheza kwenye tundu ambalo limekuwa kama yai. Ukikanyaga breki, barabara inavuta tairi nyuma, fito inateleza mpaka inagonga. Ukiachia inarudi, inagonga. Na wakati inarudi nyuma, ile mikono miwili yenye mipira iliyochanika haina nguvu ya kuishikilia tairi itazame mbele, kwa hiyo tairi inageuka. Yaani kila nilipofunga breki, tairi ya nyuma ilikuwa inakata kona peke yake. Penye ukavu gari ilivumilia. Mlandizi haikuvumilia.

Gereji ya vioo haikuigusa fito hiyo. Labda hawakuiona. Mimi ndiye niliyewaambia ni kelele za mashimo.

*

Matengenezo yenyewe hayana mengi. Bushi zilikuja na bodaboda kutoka Gerezani, zikapigwa presi kwa jirani, elfu tano kila moja. Bolti moja ilikuwa imeshikana kwa kutu na bomba la ndani, ikala saa mbili za moto na nyundo na matusi ambayo vijana waliyanong'ona kwa heshima ya mama. Upande wa kushoto ulikuwa na nafuu lakini mzee alibadilisha na huko, kwa sababu mguu mmoja mpya na mmoja mzee ni kuchechemea. Mama alicheka sana kwa hilo.

Niliyotaka kuiona ni namna atakavyokaza. Alizifunga bolti zote kwa mkono tu, zishike. Akarudisha tairi. Halafu wakapandisha gari, tairi zote nne, juu ya magogo mapana, ikasimama kama inavyosimama barabarani. Akaenda nyuma, akakandamiza buti mara nne, tano, akaiacha ijikalie yenyewe. Ndipo akaingia chini na spana ya 17 yenye mpini mrefu, akakaza moja baada ya nyingine, akihema. Hakukuwa na trrr. Kulikuwa na mlio mdogo wa chuma kinachofika mwisho. Huo ni mlio, si mgongo. Sasa najua tofauti.

(Alaimenti nilipiga siku iliyofuata, ya nyuma pia. Sisitizeni hiyo ya nyuma. Wengi hupima mbele wakakuandikia risiti ya nne.)

Nilikuwa nimekuja na elfu sitini za ufundi zimekunjwa mfukoni. Nilimpa vijana wakiwepo, wale wale watatu. Sikuwa nimepanga maneno, na mhariri asiye na maneno ni kituko, lakini nilisema, "Mzee, zile shokapu zilikuwa mpya."

"Najua," akasema.

Akazihesabu. Akazihesabu tena, kwa sauti, noti moja moja, vijana wanasikia. "Thelathini ya leo. Thelathini ya shokapu." Akatia mfukoni. Sijui kama amenisamehe. Tangu siku ile anaitikia marahaba mara moja, ila bado ananiita mama, na wateja wake wa zamani huwaita kwa majina ya watoto wao.

Jioni tulikwenda kuijaribu. Mzee aliendesha, mimi nikakaa mbele, mama nyuma pale pale pake, mgongo kwenye mlango. Hakuwasha redio. Tulipanda kuelekea Mbezi, tukageukia njia ya vumbi yenye makorongo. Mzee anakanyaga breki, anaachia. Kimya. Anakanyaga, anaachia. Kimya. Akaingia kwenye shimo kwa makusudi, tukaruka wote watatu.

"Ngo," mama akasema. "Nimekisikia."

Mzee akasimamisha gari, akateremka, akafungua mlango wa nyuma. Akainama chini ya miguu ya mama, akatoka na ule mkongojo uliokuwa unabingirika sakafuni. Akanipa mimi niushike.

"Turudie," akasema, akarudi kwenye usukani.